Mchoro wa Ridotto, Nyumba ya Kamari ya Venezia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mchoro wenyewe ni upi?

Ni mchoro wa rangi ya mafuta juu ya turubai, kimo sentimita 108 na upana sentimita 208, unaotajwa kuwa kazi ya Francesco Guardi (1712–1793) wa Venezia, mji wa Italia. Ulichorwa katika miaka ya 1740. Unaonyesha ukumbi mkubwa wa Ridotto, nyumba ya kamari iliyokuwa ndani ya Palazzo Dandolo, karibu na kanisa la San Moisè. Leo uko Ca' Rezzonico, jumba la makumbusho la karne ya 18 katika mji huohuo.

Una pacha wake mwenye vipimo vilevile: chumba cha wageni cha watawa wa San Zaccaria, ambamo watawa wanaongea na ndugu zao kupitia madirisha ya nondo huku watoto wakitazama mchezo wa vikaragosi. Ukipata nafasi, itazame yote miwili pamoja. Mmoja unaonyesha watu waliojificha nyuma ya barakoa, mwingine watu waliowekwa nyuma ya nondo, na katika yote miwili mazungumzo yamepamba moto.

"Ridotto" maana yake nini?

Mahali pa kujitenga na kukutana faraghani. Venezia ilikuwa na ridotti nyingi za watu binafsi. Hii ndiyo iliyopewa idhini ya serikali, ndiyo maana ikabaki kuitwa Ridotto tu, bila kuongeza neno.

Serikali ya Venezia, iliyokuwa jamhuri huru wakati huo, iliwezaje kufungua nyumba ya kamari?

Kamari ilikuwa ikichezwa tayari, kwenye vyumba vya siri, chini ya matao na mitaani, na kila marufuku iliyotolewa ilipuuzwa. Mwaka 1638 Venezia ikaamua kuikusanya sehemu moja ambako ingeweza kuisimamia na kupata mapato. Palazzo Dandolo ikafunguliwa kwa umma wakati wa kanivali, msimu wa sherehe kabla ya Kwaresima. Wanahistoria wengi huihesabu kuwa nyumba ya kwanza ya kamari ya umma barani Ulaya iliyoendeshwa kwa idhini ya dola.

Ilidumu hadi 1774. Mwaka huo Baraza Kuu, baada ya hoja ya kabaila Giorgio Pisani, lilipiga kura ya kuifunga kwa sababu ilikuwa ikizifilisi familia. Kamari haikufa. Ilihamia kwenye vyumba vidogo vilivyoitwa *casini*, na jina hilo ndilo lililozaa neno la kasino linalotumika dunia nzima leo.

Mbona karibu kila mtu amefunika uso?

Kwa sababu bila barakoa hukuruhusiwa kucheza. Wengi huudhani ni mchoro wa sherehe ya mavazi, na hapo ndipo wanapoanza kuusoma vibaya. Barakoa mle ndani ilikuwa sharti la mlangoni. Msimu wa kuivaa nao ulikuwa mrefu: kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi, kisha kuanzia tarehe 26 Desemba hadi mkesha wa Kwaresima, halafu tena siku za sikukuu ya Kupaa. Ukijumlisha, ni karibu nusu ya mwaka.

Vazi lenyewe liliitwa *bauta*, na wanaume kwa wanawake walilivaa. Lina sehemu nne, na zote zinaonekana vizuri mchoroni:

- barakoa nyeupe, iliyoitwa *larva* au *volto*, yenye mdomo wa juu uliochomoza kama mteremko wa paa;
- ushungi wa hariri nyeusi au wa lesi unaofunika kichwa, shingo na mabega;
- kofia ya pembe tatu juu yake;
- joho refu, *tabarro*.

Angalia umbo la ule mdomo. Kwa kuwa umechomoza mbele na uko wazi chini, mvaaji aliweza kunywa kahawa, kula na kuongea bila kuivua barakoa, na sauti yake ilibadilika kidogo kwa sababu ilipita kwenye uwazi huo. Kwa salamu, kila mtu alikuwa "siora maschera", yaani bibi barakoa. Kabaila, mfanyabiashara, mgeni aliyeshuka melini jana na tapeli wote waliitwa jina hilo moja.

Wanawake walikuwa na chaguo jingine: *moretta*, duara dogo la mahameli nyeusi lisilo na mdomo wala kamba. Kwa ndani lina kifungo, na mvaaji hukibana kwa meno ili barakoa isianguke. Maana yake, muda wote ameivaa hawezi kusema neno. Akitaka kukujibu lazima aivue na kukuonyesha uso, kwa hiyo kujibu tu kulikuwa tayari ni kukupa kitu. Ukiona mchoroni mwanamke mwenye duara jeusi usoni na mwanamume wa bauta amemwinamia akizungumza, jua kwamba ni mmoja tu kati yao anayeweza kuongea.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili si geni sana. Kabla ya neno barakoa kuwa la hospitali na la korona, lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha mabibi wa Oman na Unguja. Sababu zao zilikuwa nyingine kabisa, lakini wao pia walijua jinsi macho yanavyosema zaidi pale uso unapofunikwa.

Je, kuna yeyote ambaye hana barakoa?

Ndiyo, na huyo ndiye wa kumtafuta kwanza. Mshika benki, yaani anayekaa mezani na kugawa karata, alitakiwa na sheria awe kabaila wa Venezia, avae joho lake la cheo na wigi, na uso wake uwe wazi. Wachezaji wanamwona yeye. Yeye hawaoni wao.

Wengi wa makabaila hao walikuwa maskini. Cheo cha ukabaila Venezia kilirithiwa hata kama mali imekwisha, na sheria iliwazuia kufanya kazi nyingi walizoona za hadhi ya chini. Dola iliwapa makazi ya bei nafuu katika parokia ya San Barnaba, na kutokana na hapo wakaitwa *barnabotti*. Kushika benki ya Ridotto kwa fedha za tajiri mwingine ilikuwa moja ya kazi chache walizoweza kuzifanya bila kuvunja sheria. Kwa hiyo nyuso chache zilizo wazi katika ukumbi ule ni za watu wenye majina makubwa na mifuko mitupu, wakihesabu dhahabu isiyo yao mbele ya watu wasiojulikana. Ukishamwona mtu huyo, umati wote unaomzunguka unabadilika maana.

Walicheza nini?

Michezo ya karata: zamani *basetta*, kufikia wakati wa Guardi, *faraone* zaidi. Faraone ni mchezo rahisi kujifunza, na hapo ndipo mtego ulipo. Unachezwa hivi:

1. Mshika benki ana seti kamili ya karata 52. Kila mchezaji ana karata zake 13, moja ya kila thamani.
2. Chagua karata, tuseme saba, iweke mezani na uweke dau lako juu yake.
3. Mshika benki anafunua karata mbili mfululizo. Ya kwanza ni yake: ikiwa saba, dau lako limekwenda. Ya pili ni yenu: ikiwa saba, analipa kiasi sawa na dau.
4. Zisipokuwa saba zote mbili, dau linakaa palepale hadi jozi inayofuata.
5. Zikiwa saba zote mbili, mshika benki anachukua nusu ya dau.

Kanuni ya 5 ndiyo iliyowalisha wenye benki. Ukifunua karata mbili za juu kutoka seti iliyochanganywa vizuri, uwezekano wa kuwa za thamani moja ni 3 kati ya 51, yaani 1 kati ya 17. Mchezaji aliona mchezo wa nusu kwa nusu na akasahau zile jozi pacha. Pia karata ya mwisho kabisa katika seti, ikiangukia upande wa wachezaji, haikulipwa.

Hasara kubwa zaidi ilitokana na kukunja pembe. Mara nyingi aliyeshinda hakuchukua pesa. Alikunja pembe moja ya karata yake kuonyesha kwamba anaacha dau na faida viendelee. Hiyo iliitwa *paroli*, na akishinda tena alipata mara 3 ya dau la mwanzo. Akiendelea tena, mara 7. Tena, mara 15. Akishindwa katika hatua yoyote, vyote vimekwenda, na kila hatua ilizidi kumpa mshika benki nafasi ya jozi pacha. Ukumbi ulikuwa na vyumba vya pembeni vya kunywa kahawa, chokoleti na mvinyo, na kimoja kilichoitwa chumba cha kuugulia, walikokwenda waliofilisika kukaa na kushusha pumzi.

Karata zao zilikuwa kama zetu?

Karata za kienyeji za Venezia zina alama nne: vikombe, sarafu za dhahabu, panga na marungu. Mreno alikuwa na alama hizohizo, na yeye ndiye aliyezileta pwani yetu. Ndiyo maana tunasema kopa, uru, shupaza na pau, ingawa macho yetu yanaona moyo, almasi na maua ya mtindo wa Kifaransa: *copas* ni vikombe, *ouros* ni dhahabu, *espadas* ni panga na *paus* ni marungu. Neno karata lenyewe ni la Mreno. Mzee anayelamba shupaza barazani Mombasa anataja, bila kujua, upanga uleule uliochapwa kwenye karata za Venezia.

Barakoa za bauta zilitengenezwaje, na naweza kutengeneza moja?

Mafundi wake, *mascareri*, walikuwa na kanuni zao za kazi tangu mwaka 1436 na walihesabiwa pamoja na wachoraji. Walitumia karatasi iliyolowekwa gundi au kitambaa kilichopakwa nta. Njia ya karatasi inafanyika hata nyumbani:

Finyanga uso kwa udongo, kisha mimina plasta juu yake upate kalibu yenye shimo. Iache ikauke kabisa, paka ndani mafuta mazito au vaselini. Chana karatasi laini isiyo na gamba la kung'aa vipande vya vidole viwili. Usikate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa unajifuta unapokauka, ule uliokatwa unabaki mstari. Loweka kwenye maji na gundi ya useremala au ya unga, kamua, bandika tabaka mbili hadi tatu ukikandamiza kwenye kona za pua na mdomo. Ikikauka itoe, kata macho, lainisha kwa msasa, paka rangi nyeupe ya chokaa na gundi tabaka nyembamba mbili, na mwisho nta.

Yanayoharibika ni yaleyale kila mara. Karatasi yenye maji mengi husinyaa na kuvuta pua pembeni. Ukiitoa kwenye kalibu ikiwa bado na unyevu, mdomo uliochomoza huinama na hautasimama tena. Gundi ya unga bila kukauka vizuri, hasa kwenye hewa ya pwani, huota ukungu ndani ya wiki. Na rangi nyeupe ikipakwa nene kwa mkupuo mmoja hupasuka kama udongo wa ziwa lililokauka.

Kuna uhakika gani kwamba ni Francesco?

Hakuna makubaliano kamili. Zamani mchoro huu na pacha wake ilidhaniwa ya Pietro Longhi, mchoraji mwingine wa Venezia aliyechora maisha ya kila siku, kwa sababu ya mada yake. Sasa wataalamu wengi wanaiweka kwenye karakana ya ndugu Guardi, na mjadala uliobaki ni mkono wa nani: Francesco, au kaka yake Gianantonio (1699–1760), aliyeongoza karakana. Ndugu hao walifanya kazi pamoja, walinakili kazi za wengine kwa oda, na hawakuwa na desturi ya kutenganisha michango yao. Dada yao Cecilia aliolewa na Giambattista Tiepolo mwaka 1719, kwa hiyo mmoja wa wachoraji wakubwa wa Venezia wa karne hiyo alikuwa shemeji yao. Kwa maoni yetu mkono wa Francesco uko wazi kwenye watu wa nyuma: doa, mkwaruzo, nukta nyeupe, na mtu amesimama.

Amepakaje rangi?

Wachoraji wa Venezia wa kizazi hicho walizoea kuanza kwa kupaka turubai lote rangi ya msingi ya kahawia au nyekundu ya udongo, kisha kujenga kutoka gizani kwenda kwenye mwanga. Faida yake ni kasi. Katika vivuli huhitaji kuchora chochote, unauacha msingi ufanye kazi. Juu yake huja rangi nyembamba za nguo na kuta, na mwisho kabisa mwanga: rangi nyeupe ya risasi, nzito, iliyoguswa kwa ncha ya brashi kwenye mkunjo wa hariri, ukingo wa kofia, shavu la barakoa.

Sogea karibu na barakoa moja ya nyuma. Utakuta ni miguso mitatu au minne tu: mmoja mpana wa nyeupe, madoa mawili meusi, na kivuli chini ya mdomo. Rudi mita tatu nyuma, nayo inakutazama.

Mbona picha nyingi za mchoro huu ni za giza?

Sababu ni tatu, na ni vizuri kuzitenganisha. Kwanza, ukumbi wenyewe ulikuwa wa usiku, wa mishumaa. Pili, vanishi za zamani hugeuka manjano na kahawia. Hiyo inaweza kusafishwa. Tatu, rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri miaka inavyokwenda, na pale iliposambazwa nyembamba juu ya msingi wa kahawia, msingi hupanda juu na kumeza rangi. Hiyo haisafishiki. Anayeisugua akidhani ni uchafu anaondoa mchoro wenyewe. Michoro mingi ya wakati huo pia iliwahi kubandikwa turubai jipya nyuma kwa gundi na pasi ya moto, na pasi ikizidi hubonyeza ile miguso minene ya nyeupe hadi ikalala bapa.

Longhi naye alichora Ridotto. Nitawatofautishaje?

Kwa idadi na umbali. Pietro Longhi huchora turubai dogo, mara nyingi karibu sentimita 60 kwa 50, watu wachache waliosimama mbele kabisa, ukuta uko karibu nyuma yao, nyuso laini. Guardi anakupa upana wa ukumbi na msongamano. Kwa Longhi unajua nani anamtongoza nani. Kwa Guardi unasikia kelele.

Longhi ndiye pia aliyemchora kifaru Clara, aliyeonyeshwa Venezia katika kanivali ya 1751, watazamaji wakiwa na bauta na moretta. Tunaulizwa kama alitoka Afrika. Hapana, alitoka India. Haonyeshwi na pembe kwa sababu ilikuwa imetoka, na mtunzaji wake ameishika mkononi.

Ukumbi ulikuwa hivyo kweli?

Mchoro ni ushahidi wenye thamani kwa sababu ulichorwa kabla ya mwaka 1768, wakati msanifu Bernardino Maccaruzzi alipoukarabati ukumbi. Usiutumie kama ramani, hata hivyo. Guardi alipanga nafasi kama jukwaa la tamthilia ili umati upate pumzi. Jengo bado lipo, ni sehemu ya hoteli, na ukumbi hukodishwa kwa shughuli.

Kuna kumbi nyingine za Venezia za kutazama baada ya huu?

Tafuta mchoro wa Guardi wa tamasha la muziki la mwaka 1782, ulioko Alte Pinakothek mjini Munich. Wasichana wa vituo vya yatima, wamevaa nyeusi, wamepangwa kwenye roshani wakipiga vinanda vya nyuzi kwa heshima ya mrithi wa kiti cha Urusi. Ni miaka zaidi ya thelathini baada ya Ridotto, na mkono umekuwa mwepesi mno, kana kwamba rangi imepulizwa.

Naweza kuuchapisha ukutani?

Guardi alifariki 1793, hivyo hakimiliki yake haipo. Lakini Italia ina sheria ya urithi wa utamaduni ya 2004 inayotaka ruhusa na ada kwa matumizi ya kibiashara ya picha za mali ya makumbusho ya umma, kwa hiyo fulana za kuuza ni jambo la kuuliza kwanza. Kwa matumizi ya nyumbani, shika uwiano wa 1 kwa 1.93. Upana wa sentimita 42, sawa na karatasi ya A3 iliyolazwa, unataka kimo cha sentimita 21.8 na faili yenye pikseli zisizopungua 4,960 kwa upana. Duka la uchapaji likikukuzia picha ijaze A3 nzima, linakuwa limekata karibu robo ya upana wote, kutoka pande zote mbili, na kukuondolea watu wa pembeni. Mwambie fundi aache nafasi nyeupe juu na chini.

Naufikiaje?

Panda boti ya umma namba 1 ya Mfereji Mkuu, shuka kituo cha Ca' Rezzonico. Makumbusho hufungwa Jumanne. Michoro ya Guardi iko ghorofa ya pili, kwenye chumba kilichopewa jina la mchoro wa watawa, na ya Longhi iko ghorofa hiyohiyo. Nenda mapema kabla ya makundi, na usimame pembeni kidogo ya mchoro badala ya katikati. Taa hurudisha mng'ao kwenye vanishi ukiwa mbele kabisa. Tafuta kwanza uso ulio wazi.

Ukitoka, kichochoro cha Calle del Traghetto kinakupeleka kwa dakika mbili hadi uwanja wa San Barnaba. Hii ndiyo parokia walikoishi makabaila wale maskini waliokuwa wakirudi nyumbani asubuhi kutoka Ridotto, wigi mkononi.